John Boyd Dunlop: Bwana Mifugo Aliyetia Upepo Katika Gurudumu

Karibu kila kijiji kina baiskeli. Baiskeli hupeleka mahindi mashineni, hubeba madumu ya maji, na mara nyingine hubeba mgonjwa hadi zahanati. Na kila mwenye baiskeli anaijua pancha. Unakwenda vizuri, mara unasikia gurudumu limekuwa zito. Unashuka, unabonyeza tairi kwa kidole, upepo hakuna. Mwiba wa mgunga umefanya kazi yake.

Mtu aliyetuletea tairi la upepo la baiskeli aliitwa John Boyd Dunlop. Hakuwa fundi baiskeli, wala hakuwa mhandisi. Alikuwa daktari wa ng'ombe na farasi. Katika somo hili tutasoma habari za maisha yake. Tutasoma pia jinsi mpira unavyovutika na jinsi unavyotoboka, kwa sababu huwezi kuielewa kazi ya Dunlop bila kuuelewa mpira wenyewe.

Mtoto wa mkulima

Dunlop alizaliwa tarehe 5 Februari, 1840, katika shamba moja kwenye kijiji cha Dreghorn, nchi ya Scotland. Scotland iko kaskazini ya Uingereza. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alikua katikati ya wanyama, na alipokuwa kijana alikwenda mji wa Edinburgh kusomea udaktari wa mifugo. Akafaulu, akaanza kazi.

Mwaka 1867 alivuka bahari akaenda Ireland, nchi ya jirani, ambayo wakati huo ilitawaliwa na Waingereza. Alifanya kazi kwanza katika mji mdogo wa Downpatrick pamoja na ndugu yake James. Mwaka 1871 alimwoa Margaret Stevenson. Walipata watoto wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Baadaye alihamia mji mkubwa wa Belfast. Siku hizo hakukuwa na malori. Mizigo yote ya mjini ilivutwa na farasi, na farasi huumwa miguu, huumwa tumbo, hukanyaga misumari. Basi daktari wa mifugo hakukosa kazi. Dunlop alikuwa na mojawapo ya zahanati kubwa za mifugo katika Ireland yote. Alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu ndefu, na tayari alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba alipoanza jambo lililompa jina. Wanakisomo wenzangu wanaosema kwamba umri umewapita wa kujifunza jipya waihesabu miaka hiyo vizuri.

Jiwe na gurudumu

Mtoto wake wa kiume, Johnny, alikuwa na kibaiskeli cha magurudumu matatu. Magurudumu yale yalikuwa na ukanda wa mpira mgumu usio na uwazi ndani. Mitaa ya Belfast ilitandikwa mawe, tena ilikuwa na reli za magari ya abiria ya kuvutwa na farasi. Mtoto alipopita juu ya mawe yale alitikisika mwili mzima. Baba yake akaanza kufikiri.

Hebu tufikiri pamoja naye. Gurudumu gumu likikutana na jiwe, halina njia ila kulipanda. Linanyanyuka, na mpandaji ananyanyuka nalo, kisha wote wanaanguka upande wa pili. Nguvu za miguu zinapotea katika kupanda na kushuka huko. Sasa chukua gurudumu laini. Likikutana na jiwe dogo, linabonyea na kulimeza jiwe. Ekseli haipandi sana, na mpandaji anaendelea mbele. Kwa hiyo gurudumu laini halimpi mpandaji raha tu, bali pia humpunguzia kazi.

Dunlop aliwaza kwamba kitu kilicho laini kuliko vyote ni hewa. Lakini hewa haishikiki. Inahitaji mfuko.

Majaribio uani

Mwezi wa Oktoba 1887 alianza majaribio katika ua wa nyumba yake. Alikuwa amekwisha kufanya kazi na mpira katika shughuli zake za udaktari, na aliijua tabia yake. Alichukua karatasi nyembamba ya mpira akaigundisha ikawa bomba. Alichukua ubao wa mviringo wenye upana wa sentimeta 96, akalizungusha bomba lile pembeni mwa ubao. Halafu akalifunika kwa kitambaa cha kitani, akakipigilia kitambaa kwenye ubao kwa misumari midogo. Akalijaza upepo kwa pampu ya kujazia mpira wa miguu.

Kisha akafanya jaribio rahisi, ambalo hata mtoto angeweza kulifanya. Alichukua gurudumu la kibaiskeli cha mwanawe, lile gumu, akalisukuma livingirike uani. Lilikwenda kidogo, likayumba, likaanguka. Akasukuma ubao wenye upepo. Ulivingirika hadi mwisho wa ua, ukagonga nguzo ya lango, ukarudi nyuma.

Hapo Dunlop alijua kwamba amepata jambo. Alitengeneza matairi mawili ya upepo akayatia katika magurudumu ya nyuma ya kibaiskeli. Johnny akapewa apande. Mtoto alifurahi, na baba akaendelea na matairi makubwa zaidi, ya baiskeli ya watu wazima. Tarehe 7 Desemba, 1888, serikali ya Uingereza ilimpa hati ya kumlinda mvumbuzi ili wengine wasiige kazi yake bila ruhusa. Hati ya namna hii huitwa hataza.

Kwa nini aliweka kitambaa?

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa mpira unashika upepo, kitambaa ni cha nini? Hili ndilo jambo kubwa katika kazi yake.

Chukua tyubu ya baiskeli uitoe ndani ya tairi. Ijaze upepo ikiwa peke yake. Mwanzoni inanenepa sawasawa. Ukiendelea kupampu, mahali pamoja panaanza kuvimba kuliko pengine, kama chatu aliyemeza mbuzi. Sababu yake ni hii. Mahali palipovutika hapo mpira umekuwa mwembamba. Palipo pembamba pana nguvu kidogo ya kuuzuia upepo. Basi upepo unapasukuma zaidi, napo panazidi kuwa pembamba. Ukiendelea, patapasuka.

Kitani hakivutiki kama mpira. Tyubu ikiwa ndani ya kitani, inanenepa mpaka inakigusa kitambaa, halafu basi. Kuanzia hapo kitambaa ndicho kinachobeba nguvu ya upepo. Tyubu haibebi mzigo huo. Kazi yake ni kuzuia hewa isitoke. Dunlop alizigawa kazi hizo mbili. Tairi lako la leo limejengwa hivyo hivyo: chini ya mpira mnene unaogusa barabara kuna nyuzi. Tairi likizeeka utaziona zimetokeza pembeni.

Na nyuzi hizo zikikatika je? Tyubu itachungulia kupitia mchaniko, itatoka nje kama ngiri inavyotoka tumboni, na baada ya muda italia kama bunduki. Ndiyo maana fundi mzuri hutia kipande cha tairi kuukuu upande wa ndani, mahali palipochanika. Kile kipande hakizuii hewa hata kidogo. Kinairudisha tyubu mahali pake isivutike.

Siku ya mbio

Watu wa Belfast waliyacheka matairi ya Dunlop. Yalikuwa manene na ya ajabu machoni pao. Kijana mmoja, Willie Hume, nahodha wa chama cha wapanda baiskeli, hakucheka. Alinunua baiskeli yenye matairi ya upepo, na Dunlop akamshauri aitumie katika mashindano. Tarehe 18 Mei, 1889, Hume alishinda mbio zote nne za baiskeli katika michezo ya chuo cha Queen's College, Belfast. Hakuwa maarufu kwa mbio kuliko wenzake. Muda mfupi baadaye alivuka bahari hadi Liverpool, Uingereza, akashinda huko pia mbio zote isipokuwa moja.

Miongoni mwa walioshindwa walikuwamo watoto wa tajiri mmoja aliyeitwa Harvey du Cros. Tajiri huyu aliona watoto wake wakiachwa nyuma, na badala ya kukasirika akaona biashara. Mwaka ule ule wa 1889 kampuni ilianzishwa mjini Dublin, Dunlop akiwamo ndani yake.

Mwiba unavyofanya kazi

Lakini mambo hayakuwa mazuri yote. Gurudumu gumu la zamani lilikuwa na sifa moja: halikujua pancha. Tairi la Dunlop liliijua sana. Tena matairi ya kwanza yaligundishwa kwenye rimu kwa gundi na vitambaa. Likitoboka, ilibidi kubandua kila kitu, kuziba tundu, kugundisha upya na kungoja gundi ikauke. Msafiri aliyepata pancha jioni alilala njiani.

Sasa tutazame kwa karibu mwiba unapoingia katika mpira. Mpira umefanywa kwa nyuzi ndogo sana, ndefu, zisizoonekana kwa macho. Nyuzi hizo zimejikunja na kusokotana. Ukiuvuta mpira zinanyooka, ukiuachia zinajikunja tena. Mpira mbichi, kama unavyotoka mtini, una kasoro. Wakati wa joto unanata, wakati wa baridi kali unakauka. Mmarekani Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba ukiupika mpira pamoja na salfa, kasoro hiyo huondoka. Salfa huzifunga nyuzi pamoja, fundo hapa na fundo pale, kama wavu wa mvuvi. Bila kazi ya Goodyear, Dunlop asingepata mpira wa kufaa.

Mwiba ukiugusa mpira, hauingii papo hapo. Mpira unabonyea kwanza, unafanya shimo kama kikombe, na nyuzi zilizo chini ya ncha zinavutwa kuliko zote. Kama ncha ni butu, nguvu inatawanyika, na mpira unaweza kuhimili. Ndiyo maana kidole chako hakitoboi tyubu hata ukibonyeza kwa nguvu. Kama ncha ni kali, nguvu yote inaangukia nyuzi chache. Hizo zinafika mwisho wa kuvutika, zinakatika, na mwiba unapenya.

Mara nyingi mpira uliotobolewa unaubana mwiba pande zote. Hewa inatoka pole pole sana, au haitoki. Kwa hiyo unaweza kufika nyumbani na msumari ndani ya tairi. Ukiung'oa tu, utasikia upepo ukilia.

Je, kwa nini tyubu hutoa hewa taratibu, na puto la watoto hupasuka kwa kishindo? Vyote viwili ni mpira. Tofauti ni jinsi vilivyovutwa. Puto lililojaa limevutwa sana kila upande. Ukilichoma, nyuzi zilizokatika haziwezi tena kubeba sehemu yao ya mzigo. Mzigo huo unahamia kwenye ukingo wa tundu. Ukingo nao unakatika, mzigo unahamia mbele, na mpasuko unakimbia puto zima kabla hujafumba jicho. Tyubu iliyo ndani ya tairi haikuvutwa sana. Tundu linabaki tundu.

Unaweza kulijaribu jambo hili darasani. Pulizeni maputo mawili. Moja lijazeni mpaka likaze kabisa, jingine lipulizeni kidogo tu. Yachomeni yote kwa sindano. La kwanza litapasuka. La pili litasinyaa. Kisha pulizeni la tatu, mlichome karibu na fundo, mahali ambapo mpira bado ni mnene na haujavutika. Sindano yenye ncha nzuri ikiingizwa taratibu hupita bila puto kupasuka. Watoto watadhani mwalimu ni mganga.

Kwa sababu hiyo hiyo fundi hukata kiraka cha mviringo. Kiraka chenye pembe huanza kubanduka penye pembe. Kiraka pia huwa kipana kuliko tundu, ili mpira ukivutika mzigo ukamatwe mbali na ukingo ulioumia. Kabla ya kupaka solusheni, husugua kwa msasa kuondoa unga na uchafu. Halafu hungoja solusheni ikauke kidogo. Wengi hukosea hapa kwa haraka.

Na ukikuta matundu mawili yamekaa jirani kama jeraha la nyoka, usitafute mwiba. Matundu hayo huletwa na upepo mdogo. Tairi lilibonyea juu ya jiwe hadi tyubu ikabanwa katikati ya jiwe na rimu. Dawa yake ni pampu.

Msaada wa kuondoa usumbufu wa pancha haukutoka kwa Dunlop mwenyewe. Mwaka 1890 Charles Kingston Welch alibuni tairi lenye waya katika kingo zake, linalokaa ndani ya rimu bila gundi. Mwaka ule ule William Bartlett alibuni jingine lenye kingo za kujishika kwenye rimu. Mwaka 1891, huko Ufaransa, ndugu wawili wa ukoo wa Michelin nao walitoa tairi la kuvuliwa upesi. Na Charles Woods alibuni vali nzuri zaidi mwaka 1891. Ukimwona mtu leo kando ya njia akichomoa tairi kwa mpini wa kijiko, ajue asijue, anafuata kazi ya hao.

Mtu aliyemtangulia

Mwaka 1890, miaka miwili tu baada ya kupata hataza, Dunlop aliletewa habari mbaya. Hataza yake haikuwa na nguvu. Mtu mwingine alikwisha kuvumbua tairi la upepo kabla yake.

Mtu huyo alikuwa Robert William Thomson, naye pia mtu wa Scotland. Alipata hataza mwaka 1845, akiwa kijana wa miaka ishirini na tatu. Tairi lake lilikuwa la magari ya farasi. Mwaka 1847 liliendeshwa mbele ya watu katika bustani moja ya London, likakimbia kwa wepesi na bila kelele. Lakini baiskeli za kukanyaga zilikuwa bado hazijaenea, na mpira mwembamba ulikuwa ghali. Uvumbuzi wake ukasahauliwa. Thomson alikufa mwaka 1873. Dunlop hakuiba wazo lake. Hakuwa amesikia habari zake. Lakini sheria haitazami hilo, inatazama nani alitangulia.

Kampuni haikufa. Ilinunua hataza za Welch na Bartlett, ikaendelea kwa nguvu hizo. Mwenyewe Dunlop ndiye aliyepungukiwa.

Mpira na damu

Hapa lazima tusimame kidogo. Baiskeli zilipoenea, na baadaye motokaa, dunia ilitaka mpira mwingi kwa haraka. Mashamba ya miti ya mpira ya Malaya yalikuwa bado hayajakua. Mpira ulitafutwa porini, na sehemu ya pori hilo ilikuwa Afrika, katika nchi ya Kongo.

Kongo wakati ule, tangu mwaka 1885, ilikuwa mali ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Kila kijiji kilipangiwa kiasi cha mpira wa kuleta. Wanaume waliingia msituni kuikata mitambaa ya mpira. Wake zao walishikwa na kufungwa mpaka mpira uletwe. Kijiji kilichopungukiwa kilipigwa, kilichomwa moto, na askari walikata watu mikono. Watu wengi mno walikufa kwa kuuawa, kwa njaa na kwa maradhi. Habari zilipofika Ulaya na Marekani zilileta kelele kubwa, na mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia nchi hiyo kwa serikali ya Ubelgiji.

Dunlop hakuwa na mkono katika ukatili huo. Lakini ni haki mtu anayesoma habari za tairi ajue pia mpira ulitoka wapi, na nani aliulipia.

Miaka ya mwisho

Katika kampuni, sauti ya Dunlop ilizidi kuwa ndogo. Alipewa hisa, lakini amri zilikuwa za du Cros. Mwaka 1895 alijitoa. Mwaka uliofuata, 1896, kampuni iliuzwa kwa paundi milioni tatu. Fedha hiyo ilikuwa nyingi ajabu kwa wakati ule, lakini Dunlop hakuwa tajiri mkubwa kwa sababu yake. Jina lake lilibaki katika biashara. Liliandikwa kwenye mamilioni ya matairi ambayo yeye hakuyatengeneza, likafika hata katika maduka ya pwani yetu.

Aliendelea kuishi Dublin. Alikuwa na sehemu katika biashara ya duka la nguo. Kwa mtazamo wangu, hilo ndilo jambo la ajabu kuliko yote: dunia nzima inatembea juu ya upepo wake, naye yumo katika biashara ya vitambaa. Alikufa tarehe 23 Oktoba, 1921, akiwa na miaka themanini na mmoja. Miaka mingi baadaye benki moja ya Ireland ya Kaskazini ilichapa picha yake, pamoja na ndevu zake ndefu, kwenye noti ya paundi kumi.

Tairi lake la kwanza halikutupwa. Limehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Edinburgh, mji ule ule alikosomea udaktari wa mifugo, na wageni huenda kulitazama.